Kilichoingia Hakitoki

Kijana mmoja wa kutengeneza simu pale Kakola ameniudhi, na kwa sababu yake nyote mtanisikiliza. Nilimpelekea simu yangu, akaifungua, akaikodolea macho, akasema, "Bibi, prosesa yake imekufa. Itupe tu." Nikamuuliza hiyo prosesa ni kitu gani. Si kwamba sikujua; nilitaka kusikia atasemaje. Akanieleza kwa ile sauti mnayotumia kwa watoto na wazee, kwamba ni ubongo wa simu, na kwamba binadamu wa kawaida hawezi kuunda kitu kama hicho, sembuse mtu wa huku kwetu.

Sembuse mtu wa huku kwetu! Nilichukua simu yangu nikaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo roho inaniuma.

Mimi ni Nkwimba, Mama Kulwa kwa wengi wenu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisuka mota na koili katika mgodi wa almasi upande wa Songwa. Si ule mkubwa mnaoufahamu. Wetu ulikuwa mdogo, ulishafungwa, na jina lake silitaji kwa kuwa baadhi ya walionitendea haya bado wako hai na wana wajukuu kama ninyi. Katika karakana ya mgodi huo, mimi na bwana mmoja wa Tanga tuliunda prosesa kwa mikono yetu. Haikuingia mfukoni. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, ilikula betri mbili za lori, na ilijua kuhesabu kuanzia sifuri hadi kumi na tano. Haya, chekeni. Mkimaliza nendeni mkaunde yenu.

Lakini ili mnielewe lazima niwaeleze uzio kwanza.

Mgodi wa almasi si machimbo ya dhahabu. Kule Mwakitolyo mtu hutoka shimoni na kiroba chake begani, akaenda kusaga mawe yake kwenye karasha, basi. Almasi ni ndogo na inaingia popote: kwenye kisigino cha kiatu, kwenye bomba la baiskeli, kwenye jino lililotoboka. Kwa hiyo mgodi wetu ulikuwa na nyuzio mbili, na ule wa ndani ulikuwa na sheria iliyoandikwa langoni kwa rangi nyekundu: kilichoingia hakitoki. Mtu alitoka, ndiyo, baada ya kupekuliwa mpaka aibu ikamwisha. Lakini chuma, waya, gari, nyundo, hata sufuria ya chai, kikishavuka uzio wa ndani kilikaa humo mpaka kichakae, na kikichakaa kilitupwa kwenye shimo la zamani na kufukiwa kwa tingatinga.

Mimi niliingia kazini na nywele ndefu za kusuka. Wiki ya kwanza mpekuzi wa kike alinifumua kila jioni, eti jiwe linaweza kulala katikati ya mistari. Wiki ya pili nikanyoa. Nimenyoa mpaka leo, na wajukuu wangu wanadhani ni mtindo.

Mkuu wa lango aliitwa Mzee Luhende, Msukuma mwenzangu wa Kishapu, mtu mrefu asiyejua kucheka. Alikuwa mtu wa namna gani? Nitawaambia kwa kisa cha ng'ombe.

Kiangazi kimoja majani yalikuwa yamekwisha kila mahali isipokuwa ndani ya uzio, maana humo hakuna aliyechunga. Ng'ombe jike mmoja akapenya penye nguzo iliyoliwa na mchwa, akala akashiba. Mwenye ng'ombe alikuwa kaka yake Luhende, baba mmoja mama mmoja, na ng'ombe yule alikuwa wa mahari, ilikuwa apelekwe kwa wakwe pamoja na wenzake. Kaka mtu akaja langoni na fimbo yake, akangoja mnyama atolewe. Luhende akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamweleza kwamba ng'ombe amekula juu ya ardhi ya ndani, na tumbo la ng'ombe linaweza kubeba jiwe. Akachinjwa humo humo. Tumbo lilipasuliwa, vilivyomo vikamwagwa kwenye chekeche na kuoshwa kama changarawe, yakakutwa majani na kitambaa cha nailoni. Nyama tuliila kantini, na ilikuwa laini, sitadanganya. Kaka mtu aliruhusiwa kuchukua chochote kilichokwisha kukaguliwa. Alichukua mkia, akawapelekee wakwe zake waone kwamba ng'ombe aliwahi kuwapo.

Wakubwa walimsifu Luhende kwa uadilifu. Hakuna aliyempa pole kaka yake.

Sasa yule bwana wa Tanga. Aliitwa Bwana Hemedi, mkuu wetu wa karakana ya umeme, mtu wa swala tano, ambaye hasira yake aliitoa kwa kunyamaza. Alisomea ufundi wa simu, zile simu za zamani za kuunganishwa kwa rilei. Rilei, kwa asiyejua, ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, ncha mbili zinagusana, umeme mwingine unapita. Nilipokuwa mgeni karakani nilikuta rilei moja ina ncha nyeusi, nikachukua msasa nikazisugua zikang'aa. Bwana Hemedi aliniangalia, akanyamaza mpaka saa ya chai, kisha akaniambia nimekwangua fedha yote iliyopakwa kwenye zile ncha, na kwamba rilei ile sasa inafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Ncha za rilei hazisuguliwi kwa msasa, shikeni hilo. Unachukua kadi ngumu, unailowesha spiriti kidogo, unaipitisha katikati ya ncha, unabana kwa kidole, unaivuta. Kadi bora kuliko zote ni ya mwaliko wa harusi. Harusi nyingi za Shinyanga mjini za miaka ile zilipita kwenye rilei zangu, na vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kompyuta serikali ilikuwa imezizuia zisiingizwe nchini, na sitaki kubishana leo kama ilifanya vema. Katika shule moja ya ufundi mjini kulikuwa na mwalimu wa hesabu, rafiki yake Bwana Hemedi wa msikitini, aliyefundisha habari za kompyuta kwa chaki. Wanafunzi walimuuliza ndani mna nini, naye hakuwa na cha kuwaonyesha. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Kulwa wangu. Kila akirudi likizo aliniuliza mimi, kana kwamba mama yake akisuka mota basi anajua kila kitu chenye waya.

Basi mtambo wa kuchambulia mawe ukaletewa makabati mapya ya umeme, na yale ya zamani yakang'olewa yakafukiwe. Yalikuwa yamejaa rilei, nzima kabisa. Bwana Hemedi alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwa meneja, akamweleza kwamba kwa rilei zile tunaweza kuunda kompyuta ndogo, ya kuwaonyesha vijana wa shule, ambayo kila kitu chake kinaonekana kwa macho. Meneja alipenda. Alisema kwa mdomo wake, mimi nimesimama pale: "Undeni. Ikifanya kazi, mtaitoa." Bwana Hemedi akamkumbusha sheria ya lango. Meneja akasema lango aachiwe yeye.

Sisi tukamwamini. Kwa nini tusimwamini? Alikuwa meneja.

Sasa sikilizeni, nisije nikaambiwa bibi alisimulia bila kufundisha. Kila aliyewahi kuwasha mashine ya kusaga unga anajua vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Ukibonyeza cha kijani ukaachia, mota haizimi. Ni kwa sababu rilei yake kubwa ikishavutwa inajipitishia umeme yenyewe kwa ncha yake nyingine, inajishikilia. Inakumbuka kwamba kitufe kilibonyezwa. Kumbukumbu ya kompyuta ni hiyo tu, uchawi haumo. Panga rilei nne zinazojishikilia, umepata mahali pa kuweka namba. Mahali hapo tulipaita Kibuyu.

Kujumlisha nako mnakujua. Nyumba yenye korido ndefu ina taa moja na swichi mbili, moja kila mwisho. Ukigeuza moja, taa inawaka. Ukigeuza na ya pili, inazima. Moja na sifuri ni moja. Moja na moja ni sifuri, unabeba moja. Na kubeba ni swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, mpaka zote mbili zikubali ndipo umeme upite. Mahali pa kidole weka rilei. Umejumlisha, na hujaagiza kitu ng'ambo.

Maagizo ya nini kifanyike tuliyaandika juu ya mkanda wa konveya, ule unaobeba mawe mtamboni. Tulikata kipande cha mpira uliochakaa, tukakiunga kikawa duara, tukakitoboa kwa kitoboleo cha fundi viatu. Penye tundu, fanya. Pasipo na tundu, acha. Vidole vya shaba viliteleza juu ya mpira na kuingia kwenye matundu, na mota ya waipa ya Landrova iliuzungusha polepole. Taa za kuonyesha jibu zilikuwa za dashibodi.

Kazi yangu ilikuwa koili. Zile za makabatini zilikuwa za umeme mkubwa. Kwa betri za lori zisingevuta hata unyoya. Nikakata waya wake wote na kusuka upya, waya mnene zaidi, mizunguko michache, nikapaka shelaki, ile vanishi ya kugandisha waya, nikaanika juani juu ya bati mpaka ikauke kama kucha. Waya niliutoa kwenye mota zilizoungua, vile vipande vya ndani ambavyo moto haukuvifikia, kwa kuwa waya mpya haukupatikana nchi nzima. Tulifanya wakati wa chakula na Jumamosi baada ya kazi. Wenzetu walituita maharusi. Mume wangu alisikia, akaja mpaka uzio wa nje kuuliza, Bwana Hemedi akamweleza habari za rilei kwa muda mrefu sana, na mume wangu hakuuliza tena maishani mwake.

Ilipowashwa mara ya kwanza ilijumlisha mbili na moja, ikasema tatu. Nne na moja, tano. Tukaona tumemaliza. Saba na moja ikasema sita. Tukarudia, ikasema nne. Tukarudia, ikasema sifuri. Nilikagua kila kiungo, nikasafisha kila ncha, nikamaliza kadi za harusi, na bado jibu lilikuwa la kubahatisha. Bwana Hemedi akanyamaza siku kadhaa. Kisha akaja anatabasamu. Alikuwa amegundua kwamba saba na moja inabeba, ikabeba, ikabeba tena, rilei ikimwamsha jirani naye amwamshe jirani yake, na Kibuyu kilikuwa kinafungwa kabla habari haijafika mwisho wa mstari. Mashine ilijua jibu, ila hatukuisubiri. Dawa aliijua kutoka kwenye simu: pete nene ya shaba kwenye moyo wa rilei inayofunga Kibuyu, nayo itakuwa nzito kuvutwa. Nikaikata pete kutoka kwenye bomba la shaba, nikaipachika. Saba na moja, nane. Bwana Hemedi alikaa chini sakafuni na kanzu yake ya Ijumaa.

Mwalimu akaambiwa. Siku ikapangwa, lori likaahidiwa. Na wiki zilezile meneja akahamishwa.

Aliyekuja alisema hana habari ya ahadi yoyote. Bwana Hemedi akaomba kwa adabu, akaomba tena, mpaka wakaleta kamati ya usalama na bwana mmoja wa makao makuu, mwenye viatu vya kung'aa ambavyo alivivulia langoni kama sisi. Tuliiwasha mashine mbele yao. Ilihesabu, ikajumlisha, ikatoa. Yule bwana akauliza kama inaongeza uzalishaji. Akajibiwa ni ya kufundishia vijana. Akasema, "Nchi ikitaka kompyuta itaagiza."

Miaka mingi imepita na bado nalisikia neno lile. Kompyuta za nje zilikatazwa kuingia, na yetu ikakatazwa kutoka. Niambieni vijana wale wangeiona wapi?

Kamati ikamuuliza Luhende sheria inasemaje. Akajibu bila kupepesa kwamba kitu kinaweza kutoka kikifunguliwa chote, mpaka ionekane kwamba hakuna mahali jiwe linaweza kulala. Na koili? Koili nazo zifumuliwe, zote, kwa kuwa katikati ya waya na moyo wa chuma kuna nafasi. Nikawaambia waya ule una shelaki, ukifumuliwa unakatika, na hakuna mwingine. Hawakuamini. Nikachukua koili moja nikaifumua mbele yao, kwa uangalifu kama ninavyomfumua mtoto nywele. Ilikatika vipande vipande mezani. Yule bwana akasema basi, tumeona, vipande hivyo mnaweza kuvitoa.

Niliwaangalia wote. Nikamwangalia Luhende hasa. Ng'ombe naye aliruhusiwa kutoka akiwa mkia.

Karakana yetu, iliyokuwa imechakaa, ilibomolewa mwezi uleule na vyote vilivyomo vikapelekwa shimoni. Bwana Hemedi hakuja, alisema hawezi. Mimi nilikwenda. Wabebaji waliishusha mashine taratibu kwa kamba, na kabla hawajapanda niliomba nishuke. Niliunganisha betri, zilezile mbili zilizochoka, maana na zenyewe zilikuwa zinafukiwa. Nikaweka mkanda wa kuongeza moja moja. Nikapanda juu. Dereva wa tingatinga akazima injini, tukaisikia vizuri: kche, kche, kche.

Luhende akasogea ukingoni. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chetu, "kinasema nini hicho?"

"Kinahesabu, bhabha."

Dereva akamuuliza aanze kufukia? Luhende akamwinulia mkono. "Sheria imesema kifukiwe," akasema. "Haikusema kifukiwe kikiwa bado kinasema."

Akakaa juu ya jiwe, akavua kofia yake ya askari, akaipakata. Tukakaa hivyo tangu mchana. Mimi nilizitazama zile taa za dashibodi. Ilifika kumi na tano, ikarudi sifuri, ikaanza upya, mara nyingi. Kisha betri zikaanza kuishiwa, rilei zikawa nzito, na ule ugonjwa wake wa utotoni ukarudi. Kutoka kumi na tano badala ya kwenda sifuri ikaenda nane. Baadaye ikawa inarudi kumi na mbili tu. Mwishowe ikabaki kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne, kumi na tano, haiwezi tena kuanza mwanzo. Ikanyamaza jua likiwa bado kali.

Luhende akasimama, akavaa kofia, akaniambia pole. Nadhani alitegemea nimshukuru. Nilimjibu kwa Kiswahili, ili na dereva aelewe.

"Mzee, sikukuomba matanga. Nilikuomba lango."

Luhende akampa dereva ishara.

Kulwa alinisimulia baadaye kwamba siku iliyopangwa walihamisha madawati ya nyuma yote, wakafagia, wakaacha nafasi ya ukubwa wa kabati kama mwalimu alivyowaelekeza. Nafasi ile ilikaa wazi mpaka mwisho wa muhula. Aliponiuliza mashine iko wapi nilimwambia nimeiacha kazini. Alikuja kuwa mnunuzi wa pamba, mtu mzuri, na wala hakuniuliza tena habari za nyaya. Bwana Hemedi alirudishwa pwani, tukaahidiana kuunda nyingine, na kwa rilei zipi? Alifariki huko. Mungu amrehemu.

Kwa hiyo wewe kijana wa Kakola, umeniambia kwamba mtu wa huku kwetu hawezi. Hukuiona kwa sababu watu walikaa kikao kuhakikisha huioni. Njoo nyumbani na kadi moja ya harusi. Rilei mbili za gari bovu ninazo, betri ninayo, na saba na moja tutaifikia polepole. Usiponikuta, umeshaambiwa habari ya pete ya shaba.

Mwaka juzi nilipita kule. Uzio umeng'olewa, nguzo zake zimejenga mazizi ya watu. Ng'ombe huingia asubuhi, wanakula majani juu ya lile shimo, na jioni wanatoka matumbo yamejaa, hakuna anayewauliza wamekula nini. Mashine yetu bado iko ndani.